Barua ya wazi kwa wenye mabuti ya mlimani: tuandikieni soli ilitengenezwa lini

Kwenu wakubwa wa kampuni zinazotengeneza mabuti ya kupandia milima, kwenu waagizaji na wenye maduka ya vifaa vya safari Arusha, Moshi na Dar, na kwenu FCC, tume ya ushindani inayolinda walaji, na TBS, shirika la viwango, maana nyie ndo mmeshika rungu. Shikamooni wote.

Mi ni fundi viatu hapa Moshi. Kabla sijakaa kwenye benchi nilikua nabeba mizigo Kilimanjaro, kwa hiyo haya mabuti nayajua pande zote mbili, nimeyavaa na nimeyafumua. Sitaki kuwazungusha, shida yangu ni moja: buti linauzwa bila mnunuzi kuambiwa limetengenezwa lini na soli yake ni ya kitu gani, afu waranti inahesabiwa kuanzia siku ya risiti wakati soli ilishaanza kuzeeka toka siku iliyotoka kiwandani. Hilo pengo ndo linaumiza watu wangu na nawaomba mlizibe.

Niwaeleze kinacholetwa mezani kwangu kila msimu. Linakuja buti la ngozi, ngozi nzima kabisa, kamba nzima, vitundu vya kamba vina chuma bado kinang'aa, ile soli nyeusi ya chini ina meno yote hata hayajaliwa, ukiliangalia juujuu unasema hili halijamaliza hata wiki barabarani. Ila kati ya ile soli nyeusi na ngozi kuna tabaka la povu gumu, lile linalobeba kisigino na kupunguza mshindo, sasa weka dole gumba pembeni hapo uminye, linabonyea na halirudi, ukizidisha kidogo linamomonyoka mkononi kama keki iliyolala, vumbi la njano linabaki kwenye kucha. Soli ya chini inabanduka nzimanzima unaishika mkono mmoja na buti mkono mwingine. Na hapo hakuna gundi itakayosaidia, nshajaribu za kila aina, gundi inashika vizuri tu lakini inashika kitu kilichooza, kesho yake inatoka na tabaka jipya la vumbi.

Mwenye buti anakua amesimama pale anakwambia fundi hii buti nimeinunua mwezi huu, haijapanda mlima hata mara mbili, kwani nimekosea wapi. Namjibu mdogo wangu hujakosea popote. Na kweli hajakosea popote, hilo buti lilikua limeshakufa ndani kabla hajaliona.

Hii hali nyie watengenezaji mnaijua vizuri na mnaijua kwa jina, mnaiita hidrolisisi. Lile povu la kati ni poliyurethani, na ile ya aina ya poliesta ina tabia moja, mvuke wa maji ulioko hewani unaingia ndani yake taratibu na kukata minyororo iliyoshikilia povu, mwaka hadi mwaka, mpaka siku linakua halina nguvu tena. Halisubiri litembelewe. Tena linalokaa tu kwenye boksi au kabatini linaharibika haraka kuliko linalovaliwa mara kwa mara kwa sababu kutembea kunasukuma unyevu nje, na hilo sijalitunga mimi, kampuni kadhaa mnalisema wenyewe kwenye maelezo yenu ya utunzaji. Joto na unyevu vinaongeza kasi. Likitunzwa vibaya miaka michache inatosha, likitunzwa vizuri linaweza kufika 8 au 10. Kuna poliyurethani ya aina ya polietha inayovumilia maji zaidi, kuna EVA, povu la aina nyingine, ambayo hiyo hidrolisisi haiigusi ila inasinyaa na kuwa bapa ukiibebea mizigo, na kuna mabuti ya mtindo wa zamani ambayo soli imeshonwa pembeni kwa uzi, hayo fundi yeyote mwenye msharasi anaweza kuyabadilisha soli hata mara tatu. Kila aina ina faida yake na hasara yake, nyie mnajua mlichoweka kwenye kila modeli, sisi hatujui mpaka kiatu kiachame.

Sasa fuateni safari ya buti moja. Mtu wa Ujerumani au Uingereza au Marekani ananunua, anavaa likizo moja, analiweka kabatini miaka sita saba, siku anahama nyumba analiona bado zuri anaona vibaya kulitupa, anapeleka kwenye boksi la misaada. Linachambuliwa, linafungwa kwenye gunia na wenzake, linaingia kontena, kontena linavuka bahari wiki kadhaa lina joto na jasho la bahari ndani, linashuka Dar au Tanga au Mombasa, linakaa, linapanda lori. Likifika hapa linaoshwa, linapigwa kiwi, linawekwa mbele ya meza pale Memorial, soko letu la mitumba hapa Moshi, likiwa gredi ya kwanza. Muuzaji hana kosa, yeye alinunua gunia limefungwa, na ngozi anayoiona ni nzima. Mpagazi analipa hela ya siku kadhaa za kubeba, anafurahi amepata buti la jina kubwa la Ulaya, na jina kubwa ndo limemfanya aliamini.

Likianza kuachama haliachamii mjini. Linaachamia kule juu, na ninaposema kule juu nataka muelewe ni wapi. Njia ya Machame unaanza kwenye msitu, tope na mizizi, siku ya pili umeshatoka kwenye miti unapanda mawe kuelekea Shira, baadae kuna ukuta wa Barranco ambapo unatumia mikono na miguu pamoja, afu Barafu kambi iko mita 4,673 na hapo usiku maji yanaganda kwenye chupa. Wageni wanaondoka usiku wa manane kwenda Stella Point mita 5,756 na kilele cha Uhuru mita 5,895, wakirudi wanashuka kwenye changarawe ya volkano inayoteleza, kila hatua kisigino kinazama na kupigwa pembeni, soli yoyote dhaifu inaonyesha udhaifu wake hapo. Na mpagazi yeye anatembea njia zake hizo na mzigo wa kilo 20 kichwani au mgongoni, akiwa mbele ya wageni ili mahema yawe yamesimama wakifika. Getini mzigo wake unapimwa kwenye mizani, jambo zuri sana, watu walipigania hilo. Soli yake inategemea bahati.

Kijana mmoja aliniletea buti lililofungwa kamba ya hema, amelizungusha kamba kuanzia pua hadi kisigino mara nyingi mpaka kamba imekata ngozi pembeni. Soli ilitoka siku ya pili karibu na Shira. Akafunga kamba, kamba ikalika na mawe ikakatika, akafunga nyingine, alipofika Barranco akavaa raba aliyokua amebeba ya kulalia kambini na ndo akamaliza nayo safari yote kwenye baridi ile, vidole viwili vya mguu wa kushoto alikua havisikii mpaka siku ya nne baada ya kushuka. Hakuacha mzigo. Hao ndo wagumu wa mlima huu, na mtu mgumu namna ile hakustahili kudanganywa na kitu cha miguuni. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi, najua, ila hakuna pia aliyemwambia ukweli, na ukweli ulikua unaweza kuandikwa kwenye kipande cha kitambaa chini ya ulimi wa buti.

Msidhani ni shida ya mitumba peke yake au ya maskini peke yake. Waongozaji watawaambia, mgeni anashuka uwanja wa ndege wa KIA na buti lake alilonunua dukani kwao kwa bei kubwa, alilivaa mara chache, likakaa miaka, akalikumbuka aliposema sasa naenda Kilimanjaro. Siku ya kwanza au ya pili soli inaning'inia. Muongozaji mzoefu anatembea na tepu nene ya kijivu kwenye begi kwa sababu hiyo, anazungusha na kuomba Mungu ifike kileleni na kurudi. Mgeni amelipa hela nyingi ya safari, amefanya mazoezi, amechukua likizo, na safari nzima inaning'inia kwenye povu ambalo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lina umri.

Na kuna la tatu ambalo linaniuma kuliko yote, mabuti mapya ambayo si mapya. Dukani limo kwenye boksi lake, lina karatasi yake ndani, halijaguswa, lakini limekaa ghala la huko, likakaa ghala la hapa, Dar pale joto na unyevu mnaujua wenyewe, na siku linauzwa linaweza kuwa na miaka minne mitano. Mteja analipa bei ya mpya. Waranti inaanza siku hiyo, ndio, lakini uhai wa soli umeshaliwa nusu. Akija kudai baada ya mwaka na miezi anaambiwa muda umepita, au anaambiwa hiyo ni kuzeeka kwa kawaida kwa malighafi haimo kwenye waranti. Sasa kama ni kuzeeka kwa kawaida basi mwambieni lilianza kuzeeka lini! Huwezi kumtoza mtu miaka ambayo buti lilikua mikononi mwako.

Mi kwenye kazi yangu nakata matairi ya gari kutengenezea soli, nikishafumua lile povu lililokufa nakwangua hadi kwenye ubao wa ndani, napima, nakata tairi, nagundisha afu nashona kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Buti linakua zito, halikunjiki vizuri, mwenyewe anatembea kidogo kama kavaa katambuga, ila linapanda na kushuka. Na kila tairi ninalolikata pembeni lina namba nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 2319 ujue limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Dereva yeyote wa basi anaisoma. Tairi chakavu la kutupwa lina tarehe ya kuzaliwa, buti la mamia ya dola linalotakiwa kumpeleka mtu karibu mita elfu sita halina, au inayo kwa mafumbo ya herufi na namba ambayo ni nyie tu mnaoyasoma. Wachache wenu mnaandika mwezi na mwaka wazi kwenye kitambaa cha ndani, Mungu awabariki, maana yake inawezekana na wala haigharimu.

Wenzenu wa zamani walielewa kwamba soli ni uhai. Ile soli ya mpira yenye meno ambayo wengi wenu mnaibandika chini ya mabuti yenu, Vibram, ilitoka kwenye msiba, mwaka 1935 watu sita walikufa mlimani Italia na viatu vyao visivyofaa kwa hali ile vikatajwa kuwa sababu, Vitale Bramani aliyekua nao akaenda kutafuta suluhisho, 1937 akapata hataza ya soli ya mpira, 1954 Waitaliano wakafika kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, wakiwa nayo miguuni. Huyo mtu hakuanza na tangazo, alianza na waliokufa. Na ajabu ni kwamba kazi yake ndo inayobaki nzima kwenye haya mabuti ninayoyafumua, kilichooza ni kile kilichoongezwa katikati ili buti liwe laini na jepesi dukani.

Tuje kwenye waranti zenyewe sasa maana najua mtaniambia fundi sisi tunatoa waranti. Nimezisoma, wateja wananiletea karatasi niwatafsirie. Nyingi ni mwaka mmoja au miwili, kasoro za kiwandani tu, kwa mnunuzi wa kwanza tu, lazima risiti, kuchakaa kwa kawaida hakumo. Mnunuzi wa kwanza maana yake kila mtu wa Memorial ametoka, hata mpagazi aliyepewa buti na mgeni wake kama zawadi naye ametoka. Risiti nayo, wote tunajua risiti zetu za mashine za EFD ni karatasi ya joto, iweke mfukoni au kwenye gari miezi michache imefutika imebaki nyeupe, TRA, watu wa kodi, wametufundisha ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti na sisi tunadai, lakini baada ya mwaka unachomwonyesha mwenye duka ni kipande cha karatasi tupu. Na ukiwa na bahati risiti inasomeka, ukutani kuna kibao kinasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, au unaambiwa tuma buti Ulaya kwa gharama yako. Kutuma buti Ulaya ukiwa Moshi ni hela ya kununua buti lingine la mitumba, kwa hiyo watu wanaacha, na nyie mnaona mwaka mzima hakuna malalamiko kutoka Tanzania mnadhani mambo ni shwari.

Kampuni hizihizi zikiuza kwao zinafuata sheria nyingine. Nchi za Umoja wa Ulaya mnunuzi ana dhamana ya kisheria ya angalau miaka 2 kwa muuzaji, hata kama kwenye boksi hamna neno waranti. Uingereza wana sheria ya haki za mlaji ya 2015, siku 30 za mwanzo kitu kina kasoro unarudisha unapewa hela yako, ndani ya miezi 6 kasoro ikitokea inachukuliwa ilikuwepo toka mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, na madai yanaweza kwenda hadi miaka 6 kwa kitu ambacho kwa haki kilitakiwa kudumu. Kenya hapo jirani wameiweka kwenye katiba yao ya 2010, kifungu cha 46, mlaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Na sisi hatuko watupu, tuna Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 ambayo ndani yake kuna kumlinda mlaji, na kuna sheria ya mauzo ya bidhaa ya toka zamani, zinasema kitu unachouziwa kiwe na ubora unaofaa, na kama ulimwambia muuzaji nataka buti la kupandia Kilimanjaro basi akuuzie linalofaa kupandia Kilimanjaro. FCC, kazi hiyo ni yenu. Kibao cha ukutani kisiwe na nguvu kuliko bunge.

Ntakua mkweli kwa upande wa wateja pia. Kuna watu wanataka waranti iwe ya milele. Kule Marekani kuna kampuni ya L.L.Bean ya jimbo la Maine, historia yake naipenda sana, mwaka 1912 mzee aliuza jozi 100 za kwanza za mabuti ya kuwindia na 90 zikarudi kwa sababu sehemu ya mpira ya chini iliachana na ngozi ya juu, akarudishia watu hela zao, akakopa, akatengeneza upya vizuri. Yaani kampuni kubwa ilisimama juu ya buti lililoachama na mtu aliyekubali lawama. Kwa miaka mingi wakapokea chochote kilichorudishwa bila kuuliza muda, mpaka Februari 2018 wakasema basi, ni mwaka mmoja na uthibitisho wa kununua, kwa sababu kuna watu walikua wanaokota vitu vyao kwenye minada na majalala wanavipeleka kudai vipya. REI, duka jingine la vifaa vya safari la hukohuko, nao walishapunguza 2013 wakaweka mwaka mmoja kwa sababu zinazofanana. Nawaelewa. Mteja anayetumia kitu miaka kumi afu anadai kipya anawaharibia wengine wote.

Na hapa kwetu pia kuna ya kuambiana. Kijana akishuka buti limelowa analiweka karibu na jiko la kupikia likauke haraka, ule moto unalegeza gundi na kukakamaza ngozi, wiki inayofuata limepasuka pale kwenye mkunjo wa vidole na analilaumu buti. Buti likaushwe kivulini, utoe soli ya ndani pembeni, ujaze magazeti, ubadilishe magazeti. Likae mahali pakavu, usilifunge kwenye mfuko wa nailoni. Na kabla hujanunua pale Memorial minya lile povu la pembeni kwa dole gumba kwa nguvu zote, kunja buti, tazama kama kuna mistari midogo ya nyufa, likibonyea au likichuruzika vumbi liache hata kama ngozi inang'aa. Hayo nawaambia bure kila siku na ntaendelea. Kuchakaa kwa meno ya soli, ngozi kukwanguliwa na mawe, kamba kukatika, hivyo si kazi ya waranti na hakuna mtu mwenye akili hapa Moshi anayewadai. Tunachodai ni kile kisichoonekana, kile ambacho mteja hata angekua makini kiasi gani hana namna ya kukijua nyie msipomwambia.

Kwa hiyo watengenezaji, nachoomba kwenu ni maandishi. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa namba za kawaida, ndani ya ulimi wa buti mahali ambapo hapafutiki, na chini yake aina ya povu la kati. Maneno mawili matatu. Hilo litamsaidia mnunuzi wa Munich, litamsaidia anayechambua misaada asijaze kontena kwa maiti, litamsaidia muuzaji wa Memorial ajue anauza nini na kwa bei gani, litamsaidia mpagazi, na mimi fundi nitajua kama niliwekee gundi au nilifumue lote. Halafu saa ya waranti kwa upande wa soli iangalie hiyo tarehe, kama buti limekaa ghalani zaidi ya miaka miwili basi muuzaji alitamke hilo, ashushe bei, au kiwanda kiongeze muda. Na mkishaandika tarehe kwenye buti lenyewe, risiti iliyofutika haitakua tena sababu ya kumfukuza mtu, buti litakua linajisemea.

La pili kwenu, vipuri na fundi. Kampuni kama Lowa na Hanwag za Ujerumani zina huduma ya kubadilisha soli, unapeleka buti linafumuliwa linawekwa kati mpya na chini mpya, linarudi kazini miaka mingine. Kwa nini huduma kama hiyo isifike kwenye mji ulioko chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika? Tuuzieni soli zenyewe, za saizi zinazoeleweka, na gundi yenye viwango, njooni mtufundishe wiki moja, mafundi wapo. Mtu ambaye buti lake limeoza ndani ya waranti mnaweza kumlipia matengenezo hapahapa badala ya kumwambia atume Ulaya. Na wenzetu wa kiwanda cha ngozi cha Karanga, kiko hapa hapa Moshi, ngozi ipo, mashine zipo, nawaomba mfikirie buti la mpagazi, soli ya kushona, zito kidogo sawa, lakini linalotengenezeka. Mpagazi hahitaji buti jepesi la kwenye matangazo, anahitaji lisilomwacha njiani.

TBS na FCC, kwenu ni hili. Mabuti mapya ya mlimani yanayoingia nchini yasiruhusiwe kuuzwa bila tarehe ya kutengenezwa inayosomeka, kama maziwa yasiyo na tarehe yanavyokataliwa. Kwenye mitumba sisemi mzuie, mkizuia mtawavua watu viatu, mitumba ndo inawavisha wapagazi, na hata mabuti ya msaada ambayo KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wanawaazima wapagazi bure toka miaka ya 2000 ni msaada mkubwa ambao hakuna wa kuubeza. Nasema mkaguzi wenu anayefungua gunia aongeze dole gumba kwenye ukaguzi, ni sekunde tano kwa jozi, na yaliyooza yasiingie sokoni kama gredi ya kwanza. Na vile vibao vya hairudishwi, piteni madukani Arusha na Moshi mviulize vinasimamia sheria ipi, na muweke namba ya simu ya kulalamikia ambayo inapokelewa na mtu anayeongea Kiswahili cha kawaida, maana anayelalamika ni mtu aliyeshuka mlimani jana na kesho anapanda tena.

Msimu mkubwa unaanza Juni, na mizigo ya msimu huo inaanza kuingia bandarini miezi kabla. Anzeni na mzigo unaofuata. Mwenye duka ambaye hawezi kusubiri kampuni iamue anaweza leo hii kuuliza kiwanda tarehe za stoo yake na kuzibandika kwenye boksi kwa kalamu, na FCC mnaweza kutoa tangazo la ukurasa mmoja kwa waagizaji bila kubadilisha sheria yoyote. Mtu yeyote kati yenu akitaka kuona ninachosema kwa macho, mabuti yaliyofumuka yapo kwangu yamejaa gunia, nimeyahifadhi kwa ajili hiyo, mje muyaminye.

Ni mimi fundi viatu, Moshi.